Shamba la Aliyekimbia: Ibada Yetu na Haki ya Jirani

(Maneno haya yalisemwa kwenye redio mjini Bukavu, katika kipindi cha kujenga amani. Yamechapwa ili yasomwe katika familia, katika mashirika ya Kikristo na katika mikutano ya avenyu. Mwishoni kuna maulizo ya kujadiliana.)



Salamu za pekee kwenu ninyi mlioacha nyumba na mashamba yenu Kalehe, Kabare, Walungu, Shabunda, Mwenga, Uvira na Fizi, na ninyi mliotoka mbali zaidi, Masisi na Goma. Salamu pia kwenu wenye nyumba mliowapokea, ninyi ambao chumba kimoja sasa kinalaza jamaa mbili.

Leo nina swali moja: ibada yetu inaishia wapi? Hapa Bukavu hatukosi makanisa. Jumapili asubuhi, toka Bagira mpaka Panzi, toka Kadutu mpaka Nguba, utasikia kwaya na ngoma kila upande. Lakini Jumatatu tunaenda kwa shefu na kesi za shamba, za kiwanja na za mpaka. Na mara nyingi anayeshitaki na anayeshitakiwa wote wawili ni Wakristo. Pengine wanaimba katika kwaya moja.

Mimi si padri wala si mchungaji. Nilisoma sheria, na kazi yangu ni kufundisha raia haki zao na wajibu wao. Katika kazi hii nimeona jambo moja: mtu wa kwetu akisomewa kifungu cha sheria, anasikiliza kwa heshima, kisha anarudi nyumbani. Akisikia habari ya Maandiko, anajibu, anabisha, anauliza. Basi leo tuweke Maandiko na sheria juu ya meza moja, tuzungumze juu ya mwanamke mmoja tu. Yeye ni yule mwanamke wa Shunemu, ambaye habari zake ziko katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4 na sura ya 8.

Watu wengi wanajua nusu ya kwanza ya habari yake: mtoto wake alikufa, nabii Elisha akamwombea, mtoto akafufuka. Nusu ya pili haihubiriwi sana. Lakini kwa sisi watu wa Kivu, hiyo nusu ya pili imeandikwa kama barua yetu.

KWANZA: ALIKUWA MWENYE KUPOKEA

Mwanamke huyu alikuwa na mali. Elisha alikuwa akipita kwao, naye akamkaribisha kula. Baadaye akamwambia mumewe wamjengee mgeni chumba kidogo juu ya nyumba. Wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Angalieni vile vitu vinne. Havikuwa vya fahari, lakini mwanamke huyu alifikiri: mgeni anahitaji pa kulala, pa kula, pa kukaa, na mwanga usiku.

Miaka michache baadaye, mwanamke huyo huyo ndiye aliyefungasha mizigo na kukimbia. Anayepokea leo anaweza kukimbia kesho. Sisi tunalijua hilo bila kuhubiriwa. Bukavu imekimbiwa mwaka 1996, imekimbiwa mwaka 2004, na imekimbiwa tena Februari 2025. Mwaka ule wa 2025 kulikuwa na jamaa hapa mjini zilizokuwa zimewapokea watu wa Kalehe na wa Goma. Vita ilipofika mjini, mwenye nyumba na mgeni wake wakabeba godoro pamoja.

Kwa hiyo, mama mwenye nyumba, usimwambie mgeni wako neno ambalo hutapenda kuambiwa siku yako ikifika. Na wewe uliyepokelewa, usikae kama mtu wa hotelini. Chota maji, fagia kiwanja, peleka watoto wako pamoja na wa mwenyeji. Ukipata unga wa msaada, mwenye nyumba auone unga huo kwenye sufuria, asisikie habari zake kwa majirani. Kumbukeni mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17: mwenyeji na mgeni walikula unga wa chombo kimoja, nao haukuisha.

PILI: ALIKIMBILIA KWA ADUI

Tufike sura ya 8. Elisha anamwonya yule mama kwamba njaa ya miaka saba inakuja. Aondoke na jamaa yake, akakae popote atakapoweza. Na yeye alikwenda wapi? Alikwenda katika nchi ya Wafilisti.

Hapo tusimame kidogo. Wafilisti walikuwa adui wa Israeli tangu zamani. Mama huyu alikula chakula chao miaka saba. Mwanawe alikulia kwao, bila shaka alijifunza na lugha yao. Lakini aliporudi, Maandiko hayasemi popote kwamba mtu alimwambia: wewe ulikaa na adui, hapa huna shamba tena.

Wasikilizaji, ninyi mnajua kwa nini ninasimama hapa. Kwetu mtu akikimbilia upande mmoja, wanasema ni wa kundi lile. Akibaki kijijini, wanasema alishirikiana na waliokuja. Akivuka Ruzizi, wanasema amekuwa mgeni. Na neno hilo likishasemwa, kinachofuata ni nini? Ni shamba lake. Mara nyingi neno la usaliti linatangulia, na jembe la mwingine linakuja nyuma yake.

Mtu akikimbia, miguu yake inafuata njia iliyo wazi. Haiulizi ni nani anayetawala upande ule. Kama kuna mtu aliyeua au aliyepora, ashitakiwe yeye kwa jina lake na kwa tendo lake, mbele ya wenye kazi hiyo. Lakini mama aliyepitisha watoto wake mahali palipopitika hana kesi. Neno hili ni kwa Mshi na Mhavu, ni kwa Mtembo na Mrega, ni kwa Mfuliru, Mbembe na Munyamulenge. Likiwa la kabila moja tu, haliwi neno la Mungu tena. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinawataka waamini wampende mgeni anayekaa kati yao kama wanavyojipenda wenyewe, kwa sababu nao walikuwa wageni Misri.

TATU: ALIRUDI, AKAKUTA SHAMBA LINA MTU

Miaka saba ikaisha, mama akarudi. Nyumba yake na shamba lake vilikuwa mikononi mwa wengine. Hakuchukua panga, wala hakuita vijana wa kabila lake. Alikwenda kumlilia mfalme adai nyumba yake na shamba lake. Mumewe hatajwi tena. Anayesimama ni yeye mwenyewe na mwanawe.

Saa ile ile mfalme alikuwa akizungumza na Gehazi, mtumishi wa Elisha, na Gehazi alikuwa akisimulia habari za yule mtoto aliyefufuka. Mama akaingia. Gehazi akasema kwamba huyu ndiye mama mwenyewe, na yule ndiye mtoto. Mfalme akamwuliza mama, naye akaeleza. Kisha mfalme akamweka mtumishi mmoja juu ya kesi ile, na amri ikatoka: arudishiwe vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mavuno yote ya shamba tangu siku alipoondoka mpaka siku ile.

Katika habari hii fupi kuna mambo manne ambayo hata mwanafunzi wa sheria angefundishwa.

Jambo la kwanza: kukimbia hakuvunji haki. Miaka saba haikumfanya mama kuwa mtu asiye na shamba. Sheria za leo zinasema vilevile. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni Elekezi juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao. Kanuni ya 21 inataka mali waliyoiacha ilindwe, isichukuliwe wala kutumiwa na wengine bila haki. Kanuni ya 29 inawapa wenye mamlaka wajibu wa kuwasaidia wanaorudi kupata mali yao, na kama haiwezekani, wapate malipo ya haki.

Jambo la pili: mavuno nayo yana mwenyewe. Wazee wetu wa Bushi walilijua hili kabla ya vitabu. Walitofautisha kalinzi na bwassa. Kalinzi ni shamba ulilopewa kwa kutoa ng'ombe kwa mwami au kwa mjumbe wake, mbele ya mashahidi. Unalilima wewe, na watoto wako wanalirithi. Bwassa ni shamba la kuazimwa kwa msimu. Mwenye bwassa anapanda maharagwe, anavuna, anamtolea mwenye shamba kazi au sehemu waliyopatana. Hapandi ndizi, kwa sababu mgomba ni mti wa kukaa, na anayepanda mti wa kukaa anasema shamba ni lake.

Basi ndugu uliyebaki kijijini, kama unalima shamba la jirani aliyekimbia, wewe una bwassa, huna kalinzi. Kulima si vibaya. Shamba lisilolimwa linakuwa pori, na watoto wako wanahitaji kula. Lakini panda maharagwe, panda viazi vitamu. Usipande migomba, usipande mikaratusi, usijenge. Mpelekee habari mwenyewe kama unajua alipo, na umwekee sehemu yake. Akirudi, mtasalimiana bila kuangaliana pembeni.

Jambo la tatu: alikuwako shahidi. Gehazi hakuwa mwamuzi wala hakuwa mwenye cheo kikubwa. Alikuwa mtu aliyeijua habari, na akaisema saa ilipohitajika. Huku kwetu mashamba mengi hayana karatasi. Karatasi yao ni jirani. Jirani akinyamaza, shamba limepotea. Akisema uongo, shamba limeibwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinatukataza kufuata watu wengi katika kuharibu hukumu, na kinatukataza pia kupendelea upande katika kesi. Someni tena habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, Wafalme wa kwanza, sura ya 21. Mwanzo wake ulikuwa barua yenye muhuri, wazee wa mji waliokubali, na mashahidi wawili wa uongo. Tena walitangaza na mfungo, kana kwamba ni jambo la dini.

Wazee wetu mashefu, mniruhusu mimi mtoto wenu niseme wazi. Mtu akikuletea karatasi ya kuuza shamba la mtu asiyekuwapo, na akakuletea na kitu cha kukushukuru, kumbuka ile barua ya Nabothi. Muhuri wako ni mdogo, lakini unaweza kuanzisha vita ambayo wajukuu wako watairithi.

Jambo la nne: mama mwenyewe aliulizwa, na alisikilizwa. Hakuambiwa alete mwanamume wa kusema kwa niaba yake. Wajane wengi wanarudi kijijini wakiambiwa na mashemeji: shamba ni la ukoo, wewe ulikuja tu. Na mabinti wanaambiwa: mwanamke harithi. Fungueni Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakadai shamba la baba yao. Musa hakuwafukuza, alipeleka kesi yao kwa Mungu, na jibu likawa kwamba wana haki. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wote, wa kike na wa kiume, kuwa warithi wa kwanza. Na mjane ana haki ya kuendelea kuikaa nyumba aliyokaa na mumewe. Shemeji anayemfukuza mjane halindi mila. Anavunja sheria ya nchi, na anavunja Maandiko anayoyabeba Jumapili.

SADAKA IMETOKA SHAMBA GANI?

Sasa turudi kanisani, kwa sababu ndiko tulikoanzia. Siku ya mavuno tunaleta vikapu mbele ya altare: maharagwe, mihogo, ndizi, kuku. Ni jambo zuri. Lakini kikapu hiki kimetoka shamba gani?

Mfalme Daudi, mwishoni mwa Kitabu cha pili cha Samweli, alitaka kumtolea Mungu sadaka katika uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna alitaka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi alikataa. Alinunua kwa bei, maana hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu yeye mwenyewe. Huyo alikuwa mfalme, na mwenye mali alikuwa amekubali. Sisi je, tunaotoa mavuno ya mtu ambaye hata hatukumwuliza, na wakati huo yeye analala kwenye darasa la shule?

Na Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anasema ukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza mkapatane. Angalieni vizuri: hasemi ukiwa wewe na neno juu ya ndugu yako. Anasema kama yeye ana neno juu yako. Anayedaiwa ndiye anayetakiwa kuondoka mahali pake na kwenda.

Wengine wataniambia: lakini tumefundishwa kusamehe. Ndiyo, tumefundishwa. Lakini kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, na kurudisha ni kazi ya aliyekosa. Tusimpe mtu mmoja kazi zote mbili. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakusema tu kwamba amesikitika. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Na kuna mambo ambayo baraza la wazee haliwezi kuyamaliza kwa mbuzi na katoni ya bia: kuua mtu, na kumbaka mwanamke au mtoto. Sheria za mwaka 2006 juu ya ubakaji zilitungwa kwa sababu kesi hizo zilikuwa zikizikwa nyumbani. Mahali ambapo mahakama haifanyi kazi, andikeni, mtunze ushahidi, mpeleke mgonjwa hospitalini; kesi inaweza kungoja, lakini isiuzwe.

MASHAHIDI WA MJI WETU

Mtu asiseme kwamba haya ni ya Israeli ya zamani. Mji huu umeona watu waliounganisha altare na barabara. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, wakati wakimbizi wengi mno walipoingia kutoka Rwanda mwaka 1994, alisema kwa ajili ya wenyeji waliolemewa na kwa ajili ya wakimbizi wenyewe. Vita ilipokuja hakuondoka. Aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 juu ya uporaji wa nchi. Alizitaja nguvu za kigeni, lakini pia hakuwaficha Wakongomani waliozisaidia. Kwa maneno hayo alizuiliwa kurudi Bukavu, akakaa Butembo tangu Februari mpaka Septemba 2000. Alirudi kwa shangwe, na mwezi wa Oktoba mwaka ule akafariki akiwa Roma.

Kosa la mgeni tunaliona upesi. La ndugu yetu aliyechukua shamba la ndugu yetu mwingine, hilo tunalifunika. Ndiyo maana ninalitaja leo.

TUFANYE NINI WIKI HII?

Wewe uliyekimbia: tafuta daftari. Andika jina la kijiji, mahali shamba lilipo, mipaka yake yote (kijito, mti, njia), majina ya majirani wa pande nne, namna mlivyolipata, na nani waliona ng'ombe ikitolewa. Kama kuna karatasi, tengeneza nakala, ukae nayo moja, na nyingine umpe mtu unayemwamini. Waeleze watoto wako, wavulana na wasichana.

Wewe uliyebaki kijijini: kama unalima shamba la mtu, mtafute, mwambie, mpatane mbele ya mashahidi wawili.

Ninyi mashefu: andikeni orodha ya mashamba ya waliokimbia katika kijiji chenu. Katika orodha ya msaada, msiandike jina la shemeji na kuacha jina la mjane.

Ninyi wakubwa wa makanisa na wa mashirika: kabla ya sikukuu ya mavuno, tengeni siku moja ya mapatano. Mkae na wenye kesi. Mwenye kurudisha arudishe kwanza, halafu alete kikapu chake, na wote tutaimba naye.

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke wa Shunemu alipata haki kwa siku moja, kwa sababu shahidi alisema kweli na mkubwa alisikiliza. Wengine wetu watangoja zaidi. Lakini shahidi yuko katika kila kijiji, na mkubwa yuko katika kila avenyu. Mungu awarudishe kwenu salama, na mkute mtu aliyewatunzia mpaka. Kwaheri.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Je, katika avenyu yetu au kijiji chetu kuna mtu anayeitwa msaliti kwa sababu tu ya mahali alipokimbilia? Nani anapata faida kwa neno hilo?

2. Nani kati yetu anajua mipaka ya shamba la jirani aliyekimbia? Atakuwa tayari kusema?

3. Katika kabila letu, ni desturi gani inayofanana na bwassa, na inaweza kutusaidiaje wakati huu?

4. Wajane na mabinti wanasikilizwaje katika baraza letu? Soma Hesabu sura ya 27, kisha mjibu.

5. Ni neno gani ambalo ndugu yangu analo juu yangu kabla ya Jumapili ijayo?